Mwaka Tuliomtoza Faini Bwana Elisha

Arobaini ya Bi Mwamvita ilisomwa mwezi uliopita, pale pale kwake Buzebazeba, na kijana aliyeshika kipaza sauti alisema "changamoto" mara nyingi mno, hata mjukuu wangu, ambaye naye hawezi kumaliza sentensi bila "kiukweli", akanifinya paja. "Bibi, unamsikia huyo?" Nikamwambia anyamaze. Kifo kilikuwa changamoto, turubai lililopasuka lilikuwa changamoto, pilau iliyochelewa ilikuwa changamoto kubwa, na shukrani zilitolewa "katika muktadha mpana wa familia". Wanawake tuliokaa mkekani nyuma tulianza kutikisika mabega kwa kicheko cha kuficha. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Ndipo nilipoinua macho nikamwona Bwana Elisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mzee sasa, kichwa cheupe chote, fimbo katikati ya magoti, kasafiri na treni siku mbili kutoka kwao Singida kuja kumzika kwa kuchelewa mama aliyempangisha chumba. Yeye hakucheka. Alikuwa anamsikiliza yule kijana kwa heshima kabisa, kama mtu anayesikiliza habari anazozihitaji. Nikajifunika mdomo kwa khanga. Niliporudi kwangu Rusimbi nilitoa daftari langu la mwaka ule chini ya kitanda nikasoma mpaka macho yakauma, na sasa nimeamua kuandika, ingawa sijui kama haya yana maana kwa mtu mwingine. Mimi niliishia darasa la saba. Naandika kila siku tangu usichana, lakini kuandika kila siku si kujua kuandika. Ninachoweza kuahidi ni kwamba sitamwonea mtu.

Jinsi nilivyofika nyumba ile haihusu hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa mpishi, inatosha. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vinavyotazama uani, jiko la mabati lililonuka mawese hata siku ambazo hatukupika kwa mawese, na sebule yenye meza moja ndefu. Wapangaji walikuwa watumishi walioletwa Kigoma kutoka mikoa mingine, watu wasio na shangazi wala mjomba mkoa mzima. Bi Mwamvita, mwenyeji wa Ujiji tangu mababu, mjane, mnene wa sauti kuliko wa mwili, alikuwa na sheria moja tu: chakula ni mezani, wote pamoja. "Atakayetaka kula chumbani kwake peke yake kama panya," alisema, "ahame leo leo." Kwa hiyo kila jioni baada ya Magharibi, na Jumapili mchana, walikaa watu watano: yeye mwenyewe; Bwana Sudi, karani wa stesheni, mtu wa Tabora, mzee kuliko wapangaji wote; Nesi Aikande wa Moshi, mwembamba, mwenye haraka; Bwana Elisha; na mimi, maana Bi Mwamvita hakukubali mpishi ale jikoni. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, maharage, dagaa, siku nyingine wali. Mimi nilikuwa nasikiliza kuliko nilivyokuwa nakula, na kabla ya kulala niliandika waliyoyasema.

Bwana Elisha alikuwa afisa maendeleo ya jamii, na alizungumza kama barua ya serikali. Siku ya kwanza, alipooneshwa chumba chenye kitanda cha kamba na msumari mmoja wa kutundikia nguo, alizunguka mara moja akasema, "Kimsingi nimeridhika na mazingira." Kila kitu kwake kilianza na kimsingi. "Kimsingi nimeshiba." "Kimsingi leo ni Jumanne." Na pale ambapo hakusema kimsingi alisema jambo jingine kubwa zaidi. Daftari langu limejaa. Akitaka maji ya kunawa: "Huduma ya kunawa haijatufikia upande huu." Akitaka kuongezewa mawese juu ya mgebuka: "Naomba kile kioevu chekundu kwenye samaki husika." Moto ukizimika jikoni: "Naona kuna upungufu wa nishati." Bi Mwamvita alikuwa anatoa macho. "Mwajuma," ananiambia mimi, "huyu anataka nini?" Nami namtafsiria, "Anataka maji, Bi." "Sasa si aseme!" Lakini nisimwonee mtu: alikuwa mpole, alilipa kwa wakati, alirudisha sahani yake jikoni mwenyewe, jambo ambalo Bwana Sudi hakulifanya hata mara moja kwa mwaka mzima.

Na tena, kila mtu pale mezani alikuwa na neno lake. Nesi Aikande hakuweza kukueleza hata bei ya nyanya bila "kwa kweli". Bwana Sudi alimaliza kila habari kwa "si unanielewa?", na akiwa na hasira aliimaliza mara mbili. Bi Mwamvita, likitokea lolote, la furaha au la msiba, alipiga mkono kwenye paja: "Mambo mengine haya!" Mimi niliambiwa kwamba langu ni "nisimwonee mtu". Nilikataa. Nimerudi sasa nikaona kwenye daftari, ukurasa hadi ukurasa, na hapo juu pia nimelisema tayari, basi nakubali.

Mchezo wa faini niliuanzisha mimi. Ningependa kusema tuliuanzisha sote, lakini nimeandika kwa mkono wangu: "Leo nimetoa wazo na limependwa." Na sababu yenyewe haikuwa nzuri. Bwana Elisha hakuwahi kuniita jina langu. Bi Mwamvita aliniita Mwajuma, Nesi aliniita Mwajuma, Bwana Sudi aliniita Mwaju, hata muuza mkaa aliniita Mwajuma. Yeye aliniita "dada wa huduma". Miezi mitatu, dada wa huduma. Nilijiambia kwamba huyu msomi anaona jina langu halifai mdomoni mwake, nikaumia, na kuumia kwangu nikakugeuza utani. Jumapili moja, wote wameshiba, nikasema kwa nini kila mtu asipigwe marufuku neno lake, na atakayelisema mezani aende uani akakwangue sufuria kubwa ya ugali. Sufuria ile ilikuwa imeungua chini tangu kabla sijazaliwa. Bi Mwamvita alifurahi mpaka akakohoa. Alichukua mwiko akagonga meza. "Nimepitisha! Na jaji ni mimi."

Wiki ya kwanza sijapata kucheka hivyo tena maishani. Nesi Aikande alianguka siku ile ile: "Kwa kweli mimi sitashindwa." "Sufuria!" Bwana Sudi alikuja juu, akasema huyu mama anaonewa, alikuwa hajajiandaa, hii si haki, si unanielewa? "Sufuria! Mtasaidiana!" Nami nilipojaribu kueleza kwamba nisimwonee mtu lakini Bwana Sudi ndiye aliyepaza sauti zaidi, mwiko uligongwa karibu na sikio langu. Mara moja Nesi alimnasa jaji mwenyewe amesema mambo mengine haya, waziwazi, na Bi Mwamvita akajibu kwamba jaji hashitakiwi kwenye mahakama yake. Lakini aliyekwangua sufuria kuliko wote alikuwa Bwana Elisha. Siku tano mfululizo alikuwa uani na shati la ofisini, mikono imekunjwa, tai ameitupa begani, anasugua kwa mchanga na majivu. Wanawake wa nyumba ya pili walikuja ukingoni mwa ua makusudi kumtazama. "Bwana Afisa, leo tena?" "Kimsingi leo tena," anajibu, na kutoka sebuleni sauti ya Bi Mwamvita: "Nimesikia! Na ya kesho ni yako!" Alikuwa anacheka pamoja nasi. Nimeiandika hiyo, kwamba alikuwa anacheka, na nimeipigia mstari. Sijui niliipigia mstari siku ile au baadaye nilipotaka kujifariji.

Wiki ya pili kimsingi ilikwisha mdomoni mwake, na maneno makubwa yakazidi. Tulitarajia yapungue, yakazidi. Ugali ukawa "zao husika la chini ya ardhi katika hali yake ya kupikwa". Bi Mwamvita akaongeza sheria: neno lolote ambalo jaji halielewi, nalo ni sufuria. Basi wiki ya tatu Bwana Elisha akanyamaza. Alisema ndiyo, alisema hapana, alisema asante dada. Ukimuuliza habari za kazini anajibu, "Salama," kisha anatazama sahani. Na sisi, nasema bila kujificha, tulifurahi. "Amepona!" alisema Bi Mwamvita. "Mnaona? Mtu alikuwa mgonjwa wa maneno, tumemponya kwa sufuria." Nesi alisema sasa anavutia, mwanamume wa maneno machache. Bwana Sudi alisema hata kutembea kwake kumebadilika. Hakuna aliyesema kwamba meza imekuwa baridi, ingawa mimi niliandika siku moja: "Leo tumekula kimya. Nimesikia mifupa ya samaki."

Wakati huo alikuwa na mchumba, Generoza, fundi cherehani wa Mwandiga, binti wa wakulima. Alikuja kwetu Jumamosi moja kabla ya mchezo kuanza, akanikuta nachambua maharage, akakaa chini bila kukaribishwa mara mbili akachambua pamoja nami. Bwana Elisha alisimama mbele yetu akamweleza jambo la ofisini kwa kimsingi zaidi ya ishirini, na yule binti hakuinua hata kichwa, alichambua tu, alichambua, na mwisho kabisa akasema, "Basi si uende uwaambie hivyo hivyo?" Nilimwona mvumilivu kupita kiasi. Niliandika kwamba labda hamsikilizi.

Mwezi ule wa mchezo, Bwana Elisha aliomba tukae mezani baada ya kula. Alikuwa ameandika kwenye karatasi, akampa Bwana Sudi asome. Aliandika kwamba kwao ni mbali, baba yake mdogo ametuma baraka kwa barua, na hapa Kigoma hana ndugu ila sisi. Anaomba tuwe ukoo wake, tumpeleke kwa kina Generoza kuposa. Bi Mwamvita alifuta macho kwa ncha ya khanga. Hapo hapo akagawa vyeo: Bwana Sudi mshenga, yeye mwenyewe mama mkubwa, Nesi shangazi, mimi mdogo wake wa mwisho. Mimi Muislamu, yeye Mlutheri, yule Mchaga, huyu Mnyamwezi, ukoo ukapatikana kabla vyombo havijaondolewa.

Lakini ukoo wa Generoza ulikuwa na utaratibu wao, na Generoza mwenyewe alituletea taarifa. Zamani mjukuu mmoja wa nyumba ile aliposwa na mshenga mwenye maneno mazuri, mambo yakakubaliwa, na baadaye yule mwanamume akasema hakumtuma mtu. Aibu ile ilimkaa bibi yao, Bibi Yosefina, akaweka amri: mshenga aseme atakavyosema, lakini mwishoni muoaji mwenyewe asimame, aseme kwa mdomo wake mbele ya watu amefuata nini. Kuandika hapana, kuitika kwa kichwa hapana. Asiyesema, anakunywa togwa, anashukuriwa, na harudi tena. Wawili walikuwa wameshakunywa togwa hiyo.

"Hilo ni dogo," alisema Bi Mwamvita. Akamgeukia Bwana Elisha na mwiko mkononi. "Lakini sikiliza, mwanangu. Wale ni wakulima. Ukiwaendea na kimsingi yako na muktadha wako watadhani umekuja kuwahimiza wachimbe vyoo. Utasimama, utasema maneno matano ya kawaida, utakaa. Niapie hapa mbele ya nduguzo. Kimsingi hata moja." Bwana Elisha aliutazama mwiko. Nilidhani anatafuta utani wa kujibu. Kisha akasema, "Naapa." Nesi akapiga makofi.

Safari ilikuwa Jumamosi. Alhamisi, nimemaliza kupika, nilikaa jikoni nikasoma daftari kwa kujifurahisha, zile sentensi zake za mwanzo. Nikasoma huduma ya kunawa, kioevu chekundu, nishati, samaki husika. Nikacheka. Nikasoma tena, na safari hii nikawa nabadilisha kimoyomoyo kama nilivyokuwa nikimtafsiria Bi Mwamvita: maji, mawese, moto, mgebuka. Nikaacha kucheka. Nikatafuta mahali alipoyasema maneno hayo yenyewe, nikayapata machache, na kila yalipotokea mbele yake palikuwa na kimsingi: "Kimsingi mawese yamenoga." Muhogo hakuwahi kuutaja peke yake. Mwandiga hakuwahi kuitaja, alisema "kule kwa kina Generoza". Na mimi naitwa Mwajuma. Nilishika midomo yangu nikaifunga jinsi inavyofungwa mtu akianza jina hilo, nikaelewa kwamba mtu yule kila siku alikuwa anafika kwenye mlango ambao kwake umekwama, na anazunguka nyumba nzima kutafuta dirisha. Kimsingi ndilo lililokuwa teke lake la kusukumia. Sisi tulikuwa tumemnyang'anya, tukamwita amepona. Na Jumamosi alikuwa anakwenda Mwandiga kuomba mke.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bi Mwamvita. Alikuwa anapasi gauni la safari. "Bi, nadhani Bwana Elisha..." "Anadhani nini tena?" "Hapana, mimi ndiye nadhani." "Unadhani nini, Mwajuma? Pasi inapoa." Nikafikiri: mimi ni nani? Nesi amesomea watu wagonjwa, hajaona. Afisa mwenyewe hajasema. Mimi wa darasa la saba nimeona herufi kwenye daftari. Nikasema, "Nadhani amefurahi sana." "Lazima afurahi," akasema, akageuza gauni. Huo ndio ukweli wa Alhamisi, na sijapata kuuandika mahali popote mpaka leo.

Kule Mwandiga tulipokewa kwenye sebule ndogo iliyopakwa chokaa, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, mkungu wa ndizi mbivu kwenye kona ukinukia chumba kizima. Wanaukoo walikuwa kama kumi na tano, na watoto wamejazana dirishani kwa nje. Bibi Yosefina alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mdogo kama mtoto wa darasa la nne. Alitusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," nasi wote tukajibu tulivyoweza, isipokuwa Bwana Elisha aliyeinama tu akamshika mikono miwili. Niliona hilo, nikajua sababu. Bwana Sudi alisema vizuri mno. Alisema tumeona ua kwenye nyumba hii, tumetumwa na mwenye bustani, si mnanielewa? Walimwelewa. Baba mdogo wa Generoza alicheka, akasema karani huyu angefaa kuwa mchungaji. Kisha Bibi Yosefina akanyoosha kidole kwa Bwana Elisha. "Na huyu? Mwenyewe? Asimame tumsikie. Umefuata nini kwetu, baba?"

Akasimama. Suti yake ya kijivu ilikuwa inamning'inia kidogo. "Nimekuja," akasema, vizuri kabisa, "kuomba..." Midomo ikafungana. Ikabaki imefungana. Mshipa ukamtoka shingoni, kichwa kikaanza kutikisika kidogo kidogo, na sauti ikawa inavuma ndani ya mdomo uliofungwa kama nyuki kwenye chupa. Mtoto mmoja dirishani alicheka, akapigwa kofi. Bwana Sudi akainuka nusu. "Bibi, anachotaka kusema ni kwamba..." "Kaa," alisema Bibi Yosefina. "Wewe tumeshakusikia." Bwana Elisha aliacha, akavuta pumzi, akaanza upya, "Nimekuja kuomba..." na pale pale tena. Nilimtazama Bi Mwamvita. Uso ulikuwa umemwisha rangi. Hakuhitaji kuelezwa herufi. Alielewa kwa mara moja yote niliyokuwa nimeyasoma Alhamisi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwapisha. Mama mmoja wa nyumba ile alikuwa tayari ameshika kata ya togwa.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Neno lilisemwa. "Kimsingi." Kwa sauti, kutoka upande wetu. Kwa miaka mingi nimeamini ni mimi niliyelisema. Nesi Aikande, tulipokutana miaka ya nyuma hospitalini, aliniambia kwa kweli ni yeye. Bwana Sudi mpaka anafariki alisimulia stesheni nzima kwamba ni yeye. Bi Mwamvita hakuwahi kudai, na ndiyo maana siku nyingine nadhani ni yeye. Daftari linasema tu, "Likasemwa." Kwenye arobaini nilimuuliza Bwana Elisha mwenyewe. Alisema, "Kimsingi sikusikia sauti ya mtu. Kimsingi niliwaona wote wanne mmefungua midomo."

Vyovyote, alilipata. "Kimsingi," akasema, na mabega yakashuka. "Kimsingi mke. Kimsingi nimekuja kuomba mke. Kimsingi Generoza, na kimsingi sitaki mwingine." Akasimama anahema, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Baba mdogo akauliza, kwa heshima lakini midomo ikimcheza, "Hotuba imekwisha, Bwana Afisa?" "Kimsingi imekwisha." Wakacheka, wote, hata yule mwenye kata. Bibi Yosefina peke yake hakucheka. Alimwita Generoza kutoka chumba cha ndani, akamkalisha mkekani mbele yake, akaongea Kiswahili ili na sisi tusikie.

"Huyu anakwama."

"Anakwama, bibi."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ya kwanza."

"Na hukutuambia."

"Mngemwona wenyewe."

"Sasa nikuulize," alisema bibi kizee, akamshika kidevu. "Utakuwa umelala. Nyumba inaungua. Yeye ameona, anataka kusema moto, amekwama hapo. Utafanyaje?"

Generoza alifikiri kweli, hakujibu haraka. "Nitakuwa nimeshaunusa, bibi," akasema.

Kwanza Bibi Yosefina alitoa sauti kama kikohozi, halafu nikaona ni kicheko, kikamshika mpaka akaegemea ukuta, khanga ikamwanguka kichwani. "Rudisheni togwa yake pipani," akasema. "Leteni chakula." Bi Mwamvita alilia waziwazi, akampigia paja jirani yake asiyemjua, mambo mengine haya, mambo mengine haya, na hakuna aliyekumbuka sufuria. Tulikula ugali na kuku na maharage ya mawese, na Bwana Elisha alikula kama mtu aliyetoka jela. Kwenye gari wakati wa kurudi Bi Mwamvita alimshika mkono njia nzima. "Mezani kwangu," alimwambia, "kuanzia leo sema utakavyo. Hata kama sielewi. Nitauliza." Hakuomba radhi kwa neno lenyewe, lakini nimemjua mama yule tangu usichana na hiyo ndiyo ilikuwa radhi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Mimi nilibaki na yangu. Kesho yake, Jumapili, Nesi kaenda kanisani, Bwana Sudi stesheni, na Bi Mwamvita kumwona mgonjwa, Bwana Elisha hakwenda. Alisema kimsingi amechoka kusimama mbele za watu. Nilimkuta uani anafua shati lake la jana. Kamba zote zilikuwa zimejaa, mashuka ya nyumba nzima niliyoyafua alfajiri, meupe, yamekaribia kukauka. Nilisimama mbele yake nikamweleza yote. Kwamba mchezo niliuanzisha mimi, na kwa nini. Kwamba nilisoma kwenye daftari Alhamisi, nikaelewa, nikaenda mpaka mlangoni nikarudi. Kwamba angekunywa togwa ile ingekuwa mkono wangu ndio uliomnywesha. Aliendelea kusugua kola polepole, ananisikiliza. Nilipomaliza aliweka shati kwenye beseni, akasimama, akanitazama, kisha akatazama juu ya bega langu, upande wa ziwa, akafungua mdomo. Midomo ikafungana.

Nilijua hakutaka kutumia kimsingi. Ningeweza kumpa, nilikuwa nalo tayari ulimini. Kisha nikageuka kutazama alichokuwa anakitazama, nikaona ng'ambo ya Kongo haionekani tena. Wingu lilikuwa limeshafunika ziwa zima, jeusi chini na kijivu juu, na mabati ya nyumba za mtelemkoni yalikuwa yameanza kupiga kelele moja moja. Basi nikajua na neno lenyewe. Mkono wangu ulikuwa karibu na shuka la kwanza. Nikaushusha. Nikamgeukia, nikakunja mikono, nikamngoja. Mshipa ulimtoka shingoni, nyuki wakavuma, tone la kwanza likaniangukia kwenye paji la uso, la pili kwenye mkono, kisha yakaacha kuhesabika. Mashuka yalipigapiga kwenye kamba, yakalowa, yakanyooka chini mazito. Sikusogea, naye hakusogea. Mpaka akalifikia.

"Mvua inakuja, Mwajuma," alisema, na maji yalikuwa yanamtiririka puani.